Haya isiwaponze watumiao dawa za nguvu za kiume

Zipo dawa ambazo wanaume huzinunua kwa kunong'ona: zile za kutibu upungufu wa nguvu za kiume. Sina ugomvi na dawa hizo. Ugomvi wangu ni na mnong'ono.

Sildenafili, iliyovuma kwa jina la Viagra, haikukusudiwa kazi hii. Watafiti wa kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walitafuta tiba ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Hilo halikufaulu, bali wanaume waliojaribiwa walieleza jambo jingine, na mnamo Machi 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa jambo hilo. Wengi huicheka asili hii. Mimi naiona kuwa onyo. Dawa hulegeza mishipa ya damu, nayo mishipa imeenea mwili mzima. Ndiposa baadhi ya watumiaji huumwa na kichwa, huwakwa na uso, huziba pua, hata wengine huona vitu vikiwa na rangi ya samawati kwa muda. Hayo aghalabu hupita.

Yasiyopita ndiyo yanitiayo hofu. Wagonjwa wa moyo hupewa dawa za naitreti, mathalani kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi kifua kinapobana. Hizo nazo hupanua mishipa. Zikikutana na sildenafili, shinikizo la damu huweza kuporomoka ghafla, mtu akazirai au akafa. Baada ya kumeza sildenafili, naitreti haifai kutumiwa kabla ya saa 24 kupita. Kwa tadalafili, ni saa 48. Sasa fikiria mzee aliyemeza kwa siri, akabanwa na kifua usiku na kukimbizwa hospitalini. Daktari anamwuliza ametumia dawa gani. Mkewe na wanawe wamesimama kando ya kitanda. Anajibu, "Sijameza chochote." Daktari atamtibu kwa kuliamini jibu hilo.

Wapo pia wasiojua walichomeza. Katika nchi kadhaa, "mitishamba" ya nguvu za kiume imepimwa ikapatikana na sildenafili isiyotajwa kwenye kibandiko. Kijana amezaye kwa mashindano naye afahamu kuwa uume ukisimama zaidi ya saa 4, hiyo ni dharura ya hospitali, wala si sifa ya kusimuliwa.

Isitoshe, upungufu wenyewe huweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya maradhi ya mishipa ya moyo. Anayejitibia kichochoroni hapimwi sukari wala shinikizo la damu. Walimu wa Biolojia hufundisha mzunguko wa damu kila mwaka. Sioni kwa nini somo hilo likome kabla ya kufika hapa.