Kanseri: usingoje ndege ya Lubumbashi, anza hospitali ya karibu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma gazeti hili baada yake, leo tunasema juu ya ugonjwa ambao watu wengi wa Kalemie hawapendi hata kuutaja. Wengine wanauita kidonda kisichopona. Wengine wanasema ni ulozi, au ni sumu ya jirani. Jina lake ni kanseri, au saratani kama wanavyosema wenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

Tuseme jambo linalotokea mara nyingi. Mama anaoga, na mkono wake unakuta ndani ya titi kitu kigumu kama punje ya hindi. Hakimwumi. Kwa kuwa hakiumi, ananyamaza. Baada ya miezi mitatu anamwambia bwana. Bwana anajibu: "Nikipata konje tutapanda ndege kwenda Lubumbashi, hapa kwetu hawajui kanseri." Konje iko Desemba, na sasa ni Mei. Desemba inafika, lakini ada ya shule imekula pesa ya ndege. Punje imekuwa yai. Mwishoni ngozi inapasuka, na ndipo mama anapelekwa hospitali, akibebwa.

Kosa liko wapi? Si kukosa ndege. Kosa ni kufikiri kwamba matunzo ya kanseri yanaanzia katika mji mkubwa.

Tazama mfano mmoja wa kweli. Kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya ya Burera, juu milimani mbali na mji, iko hospitali ya Butaro. Siasa tuziache kando, tunatazama kazi ya hospitali tu. Ilipofunguliwa mwaka 2011 ilikuwa hospitali ya wilaya yenye vitanda kama 150. Mnamo Julai 2012 ilianza kutunza wagonjwa wa kanseri kwa msaada wa shirika la Partners In Health na wataalamu wa Boston, Marekani. Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakuwa mabingwa wa kanseri. Walikuwa madaktari wa kawaida na mainfirmie, waliofuata maagizo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, na kuuliza mabingwa walio mbali pale walipokwama. Mwanzoni vipande vya nyama vya wagonjwa vilisafirishwa hadi Boston kuchunguzwa. Mgonjwa alibaki Butaro, chupa ndogo ndiyo iliyopanda ndege. Wagonjwa maskini walisaidiwa nauli na chakula, kwa sababu sindano haina faida kama mtu hana njia ya kurudi kwa sindano ya pili. Waliohitaji mionzi walipelekwa Mulago, Kampala.

Lakini jambo kubwa kwetu ni lile walilolikuta walipowauliza wagonjwa wao. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, wagonjwa 144 wa kanseri ya titi katika hospitali mbili za vijijini, Butaro na Rwinkwavu, waliulizwa: tangu ulipoona alama ya kwanza mpaka ukaambiwa jina la ugonjwa, ilipita miezi mingapi? Nusu yao walikuwa wamepoteza miezi 15 au zaidi. Na miezi hiyo haikupotea yote nyumbani! Muda uliopotea kabla ya kumwona mganga wa hospitali ulikuwa kama miezi mitano, na muda uliopotea baada ya kumwona ulikuwa miezi mitano vilevile. Waliokwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji walichelewa zaidi nyumbani. Na kulikuwa na wagonjwa waliozungushwa mara tano au zaidi kutoka dispansari hadi dispansari kabla ya mtu yeyote kutambua kanseri.

Soma tena maneno hayo. Mgonjwa alikwenda, akapewa vidonge, akaambiwa si kitu, akarudi nyumbani. Basi hatutaki kuwalaumu akina mama peke yao, kama wanavyozoea kufanya watu wengi. Miezi ya nyumbani mnaweza kuiondoa ninyi wenyewe. Miezi ya kuzungushwa mnaweza kuipunguza mkijua cha kuomba.

Unapofika hospitalini, Kalemie au Manono au Moba, eleza neno moja kwa wazi: uvimbe huu ulianza mwezi fulani na unakua. Omba daktari aupapase kwa mkono, na kwapani pia. Usikubali kupewa dawa bila kuguswa. Kisha uliza: "Daktari, je, kipande kichukuliwe?" Uvimbe mwingi wa titi si kanseri, hasa kwa wasichana. Lakini jicho la daktari, hata la daktari hodari, haliwezi kutoa hukumu. Hukumu inatoka chini ya darubini, katika laboratwari.

Kuna watu wanaoogopa: "Wakikata, ugonjwa utatawanyika." Si kweli. Kinachotawanya kanseri ni muda. Kuchukua kipande kidogo ni kazi ambayo daktari wa upasuaji wa hospitali kuu ya zone ya afya anaweza kuifanya kwa sindano ya ganzi, na mama akarudi kupika jioni. Kipande kinatiwa ndani ya formoli, si katika maji wala katika pombe, na formoli iwe nyingi, karibu mara kumi ya ukubwa wa nyama. Hakihitaji barafu. Chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kilipotolewa. Hapo ndipo ndege ya Lubumbashi ina faida: chupa itangulie kwenye laboratwari, na wewe ungoje jibu nyumbani kwako, kazini kwako, na watoto wako. Mwombe daktari akuambie chupa imeondoka siku gani na jibu litarudi kwa nani. Tarehe ikipita, nenda ukaulize. Chupa zilizosahauliwa juu ya kabati nazo zinaua watu.

Juu ya pesa: wewe uliye na mkataba wa kazi, kumbuka kwamba Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri abebe matunzo ya mfanyakazi, ya bibi yake na ya watoto anaowalea, muda wote wa mkataba. Kanseri haikutolewa katika sheria hiyo. Basi chukua boni ya matunzo mapema, kabla ya kukopa na kabla ya kuuza kiwanja. Tumeona jamaa wanauza nyumba ili kumpeleka mgonjwa mbali, na wakifika huko swali la kwanza ni: "Karatasi ya laboratwari iko wapi?" Hawana. Wanaanza upya, na pesa imekwisha.

Ni kweli, si yote yanawezekana katika hospitali ndogo. Mionzi inataka mashine kubwa na mafundi wake. Kwa mtu wa Kalemie, mashine za namna hiyo ziko ng'ambo ya ziwa: katika hospitali ya Bugando huko Mwanza, na katika taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ni safari ya chombo mpaka Kigoma, kisha nchi kavu siku nzima au zaidi. Safari hiyo ni ya mgonjwa ambaye jina la kanseri yake limekwisha julikana, na daktari ameandika kwamba mionzi itamfaa.

Kwa mlango wa kizazi, mambo ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri, kama mama akija mapema. Kanseri hii inaletwa na virusi, na inachukua miaka mingi kabla ya kukomaa. Infirmie aliyefundishwa anapaka asidi ya siki, anangoja dakika moja, na mahali palipoharibika panageuka peupe. Panaweza kuchomwa siku ileile. Jirani zetu wa Zambia walianza kazi hiyo mwaka 2006 katika vituo vya kawaida vya Lusaka, mikononi mwa mainfirmie. Mama anayetoka damu baada ya kulala na bwana, au baada ya kukoma hedhi, asingoje kipimo cha namna hiyo: aende kwa daktari juma hilihili. Na bwana asimwulize maswali ya wivu.

Watoto nao wana yao. Hapa kwetu, kando ya ziwa, joto ni kali na malaria ni nyingi, na katika nchi za namna hii watoto wanapata kanseri ya taya. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago. Shavu la mtoto linavimba, meno yanalegea, watu wanadhani ni jino bovu. Uvimbe unaongezeka mbele ya macho yako, kwa siku na kwa majuma, si kwa miaka. Lakini ugonjwa huu unasikia dawa kuliko kanseri nyingi, na watoto wengi wanapona kwa sindano bila kukatwa taya. Mtoto wa namna hii asipelekwe kung'olewa jino. Apelekwe kwa daktari leo.

Na wewe mchimbaji mwenyewe? Vumbi la jiwe la kwarzi, ambalo liko kwa wingi katika miamba ya Manono, linaumiza mapafu, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa dunia wamelihesabu kati ya vitu vinavyoleta kanseri. Sigara juu yake inazidisha hatari. Toboa kwa maji, vaa kinyago. Kikohozi kikipita majuma mawili, pima kwanza kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu ikishindwa, rudi ukaombe picha ya radio.

Sasa, mgonjwa amekwisha anza dawa. Nyumbani mfanye nini? Kanseri haiambukizi kwa sahani wala kwa kitanda. Kula naye. Nywele zikianguka zitaota tena. Karatasi zake zote, fishi, jibu la laboratwari, orodha ya sindano, zitiwe katika mfuko mmoja wa plastiki, na mtu mmoja wa nyumba awe mlinzi wake. Wenzake wa kazini wanaweza kumpa zamu yake ya likelemba kwanza, ili nauli ya tarehe ya sindano isikosekane.

Maumivu si sharti yavumiliwe. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na tangu hapo morfini ya kunywa, maji ya dawa yanayochanganywa kwa bei ndogo, imewawezesha wagonjwa wengi kulala usingizi nyumbani kwao. Hailevyi mgonjwa wa maumivu makali akiinywa kwa saa alizoandikiwa. Mwulize daktari juu yake bila haya, hata kama kupona hakutazamiwi tena. Mgonjwa asiyepona anabaki mgonjwa wa hospitali.

Na homa! Sindano za kanseri zinapunguza askari wa damu. Mgonjwa aliye katika dawa hizo akipata joto la 38, usiseme ni malaria tu, usimpe vidonge vilivyobaki katika sanduku, usingoje asubuhi. Chukua ule mfuko wa karatasi, mpandishe pikipiki, mfike hospitalini usiku huohuo, na umwambie infirmie wa zamu neno la kwanza kabisa: "Huyu anapigwa sindano za kanseri, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani."