Je, Wajua? Kondoo na Kuku Boma Moja

• Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hivi, karibu miezi mitano. Kuku huatamia mayai kwa siku 21 tu.

• Mwanakondoo huzaliwa karibu bila kinga ya magonjwa, kwa kuwa kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma. Huipata katika dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito. Utumbo wake hufyonza kinga hiyo vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 hauwezi tena. Hakikisha amenyonya mapema!

• Chakula cha kuku ni hatari kwa kondoo. Madini ya shaba yaliyomo humfaa kuku, lakini kwa kondoo hulimbikizana kwenye ini na huweza kumuua ghafla. Weka vyombo vya kuku mahali ambapo kondoo hawafiki.

• Kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayefugwa Kenya na Tanzania, huhimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Mfugaji mdogo mwenye mbegu hii ana hazina. Aitunze, asiichanganye ovyo.