Sungura Aliyeingia Uani

Juma lililopita, baada ya Alasiri, wajukuu zangu walimkuta sungura mweupe amejikunyata nyuma ya mtungi uani. Hakutukimbia, nikajua ana mwenyewe. Jirani akatania kuwa kitoweo kimebisha hodi. Naam, nyama yake ni halali, lakini mnyama aliyepotea mjini ni luqata, amana mkononi mwa aliyemwokota. Hutangazwa, na anayemdai huulizwa alama zake kwanza.

Watoto wakamletea mkate. Nikawazuia. Chakula chake hasa ni nyasi, kavu na mbichi, mchana na usiku, kwani tumbo lake halifai kusimama kazi. Sungura asiyekula kutwa nzima yu hatarini. Haogeshwi, wala habebwi kwa masikio. Joto letu la pwani humdhuru, basi tukamweka kivulini, na maji, mbali na paka.

Tulitangaza mlangoni mwa msikiti, si ndani, kama ilivyo adabu. Siku ya nne akaja binti mdogo na babake, akalitaja doa jeusi chini ya kidevu. Mjukuu wangu, ambaye alikwisha kumpa sungura jina, alimkabidhi huku akilia.