Vijana wa Ulaya na mjadala wa sigara za kielektroniki

Huenda ukadhani siasa za Ulaya hazihusiani na mapafu ya mtu. Vijana wa huko wana jukwaa lao, Bunge la Vijana la Ulaya, lililoanzia Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1987. Hujadiliana katika kamati, huandika maazimio, kisha hupiga kura. Maazimio hayo si sheria, lakini maswali ya afya yanayowakabili ni mazito.

Chukua sigara za kielektroniki. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ila suala la ladha za matunda likaachiwa kila nchi. Ireland ilipitisha sheria mwaka 2024 kwamba kuanzia 2028 tumbaku isiuzwe kwa aliye chini ya miaka 21.

Kijana wa miaka 19 atauliza: mbona napiga kura, lakini sigara ninyimwe? Swali zuri. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kabla ya hapo nikotini huunasa upesi zaidi. Wapo wasemao ladha humsaidia mvutaji mkongwe kuacha sigara. Hoja hiyo siipuuzi. Hata hivyo, ladha ya peremende humvuta mtoto kwanza.

Una kijana nyumbani? Mwulize angepiga kura upande gani, nawe umsikilize.