TAA ZA MOTOKARI YA ZAMANI: CHUNGUZA KAZI YA ALIYEKUUZIA

Ndugu mfanyakazi, umenunua motokari ya zamani na taa zinawaka. Kabla ya kupakia bibi na watoto usiku, fungua kapo uangalie waya.

Mara nyingi mwenye kuiuza alitengeneza mbio mbio: waya zimesokotwa kwa mkono, fizibo iliyoungua imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hapo pana hatari mbili: taa kuzimika njiani, na moto.

Ampula mbili za wati 55, kwa batri ya volti 12, zinavuta karibu ampere 9. Waya mwembamba au kiungo kilicholegea kitapata joto kali. Fizibo ni mlinzi: umeme ukizidi, inakatika yenyewe. Karatasi ile haikatiki kwa wakati wake. Waya ndio unaoungua.

Fanya hivi:

1. Zima motere, toa waya wa hasi (–) kwenye batri.
2. Fuata waya tangu batri mpaka taa. Kata viungo vibaya, weka waya wa unene unaotakiwa, kaza vizuri, funika.
3. Kwangua kutu pale waya wa masi unaposhika chuma. Masi mbaya hufifisha taa.
4. Weka fizibo ya ampere zilizoandikwa kwenye kisanduku chake, zisizidi.
5. Rudisha batri, washa taa dakika 10, kisha gusa ganda la waya. Likichoma, zima: kosa lingali pale.

Usipojua kazi hii, mwite fundi wa umeme. Fizibo inanunuliwa, maisha hayanunuliwi.