Bafu la kutunza mazingira

Bafu la kutunza mazingira ni bafu lililojengwa au kukarabatiwa ili litumie maji na nishati kidogo.

Mjini Tabora, magharibi mwa Tanzania, kiangazi huanza takriban Mei hadi Oktoba. Mji ulitegemea hasa Bwawa la Igombe kabla ya kufikiwa na maji ya Ziwa Viktoria.

Choo cha kuvuta cha zamani hutumia lita 9 au zaidi kila kinapovutwa. Chenye vitufe viwili hutumia takriban lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa haja kubwa. Maji ya kuogea, yakitenganishwa na ya choo, hufaa kumwagilia miembe, miti iliyozoeleka kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kupasha maji kwa jua hupunguza matumizi ya mkaa, na hivyo ukataji wa misitu ya miombo.