Kuhara kwa mtoto: si meno, huenda ni rota

Mzazi mwenzangu wa Maguu, au wa kule chini ziwani Liuli na Mbamba Bay, mtoto wako wa miezi minane ametapika usiku kucha na asubuhi anahara maji matupu. Bibi anasema ni meno. Usisubiri meno yatoke.

Kirusi cha rota hupita kwa mikono, vyombo na maji yenye kinyesi, na shambulio lake linahusu kalsiamu. Tumezoea kuisikia kalsiamu kwenye mifupa na maziwa, lakini kila seli ina ghala lake dogo la kalsiamu, kama kahawa kwenye ghala la chama cha msingi: haitoki ovyo. Nje ya ghala hilo, kalsiamu iliyomo ndani ya seli ni pungufu takriban mara 10,000 kuliko iliyo nje ya seli.

Kirusi kikiingia kwenye seli ya utumbo huilazimisha itengeneze protini iitwayo NSP4, nayo hutoboa ghala. Kalsiamu inamwagika, na nyingine inaingia kutoka nje. Kirusi kinaitumia kuzaliana. Seli inazidiwa, inakufa na kuachia virusi vipya. Kabla ya kufa huzishtua seli jirani, hata zisizoambukizwa, nazo humwaga chumvi na maji tumboni. Mwaka 1996 watafiti wa Houston, Marekani, walionyesha kuwa NSP4 peke yake, bila kirusi, inaharisha vitoto vya panya.

Sasa utaona kwa nini antibayotiki ya dukani haisaidii hapa. Kinachoua ni kukaukiwa maji. Changanya pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa maji safi na salama, mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na mpe zinki siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa zahanati. Wengi huacha ORS siku ya pili kwa kuwa kuhara hakujakoma. Kazi yake si kuzuia kuhara, ni kurudisha maji wakati utumbo unaotesha seli mpya, na hilo huchukua siku kadhaa.

Chanjo ya matone ilianza kutolewa nchini 2013, wiki ya 6 na ya 10. Hebu itazame kadi ya kliniki leo.

Macho yakididimia, akilia bila machozi, akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya hapohapo, hata kama ni usiku, ukimnywesha njiani kama anaweza.